Albamu Iliyofunga Mkono wa Blauzi

Mtaa mzima ulimwita Mama Wasiwasi, naye hakukataa, maana hata mbingu ikiwa nyeupe huziwazia nguo zilizo kambani. Kazi yake ilikuwa kushona, katika chumba kilichopakana na cha kinyozi. Kazi ya Kitinda, binti yake wa mwisho, ilikuwa kupiga kelele.

Kelele zenyewe zina jina: panki, ile roki kali ya magitaa, iliyochanganywa na nyimbo za kuvunjika moyo na majaribio ambayo hata wapigaji hawakujua wayaiteje. Asubuhi moja Kitinda alimwachia simu na spika ndogo.

"Albamu yetu hiyo, Mama. Wenzangu wote wanaisifu, siwaamini. Wewe niambie kweli. Ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sikuletei tena kitu changu."

Hapo ndipo mama alipokosa raha. Mtoto anayekuletea vitu vyake, angalau unajua aliko. Na uongo wa mama haukuwa na pa kujificha: kila akidanganya, huuliza papo hapo, "Umekula?"

Akafungulia muziki, akakanyaga cherehani. Mguu wa mshonaji haujui kukaa nje ya ngoma. Ngoma zikakimbia, mguu ukakimbia. Gitaa likakatika ghafla, sindano ikasimama. Kitinda akapasua ukelele ndani ya spika, kitambaa kikaenda upogo.

Kinyozi akachungulia, mashine mkononi. "Mama, nani anaumizwa humo?"

"Mwanangu."

"Anaumizwa?"

"Anaimba."

"Basi mteja wangu amekimbia na nusu kichwa."

Albamu ilipokwisha, mkono wa blauzi ya mteja ulikuwa umefungwa kabisa, kidole hakipiti, na mishono imetawanyika kama siafu waliomwagiwa maji.

Kitinda akarudi. "Enhe?"

"Nzuri sana, mwanangu. Umekula?"

Kitinda akashusha mabega, akaanza kuichomoa simu kwenye spika. Mama akamtupia ile blauzi.

"Sijaipenda. Hata chembe. Wimbo wa pili ni sufuria zinaanguka. Wa tano nilidhani simu imekufa. Na hilo koo lako je, nani anakuchemshia maji?"

Kitinda akaufuata mshono kwa kidole, taratibu.

"Hapa ni wimbo wa tatu," akasema. "Hapa ndipo tunaponyamaza. Mama, umeishona albamu nzima."

Kicheko kikamshika, kikamwambukiza mama, wakaanguka pamoja juu ya vipande vya vitambaa, mbavu hawana. Kinyozi akagonga ukuta kuuliza kama ule nao ni wimbo.

"Huu mkono nauchukua," Kitinda akasema, akifuta machozi. "Ndio picha ya jalada."

"Na mwenye blauzi?"

"Mshonee mwingine, bila muziki. Siku ya onyesho letu utakuja?"

"Nitakuja. Nitasimama karibu na mlango."

"Na utafurahi?"

Mama akajishughulisha na uzi.

"Sana," akasema. "Umekula?"