Lastiki ya Petikoti

Wacheni niwaambie mwenyewe, kwa sababu mke wangu Wambui akiwaambia ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi, nilijiaibisha vya kutosha bila msaada wa mtu.

Baba mkwe wangu, mzee wa Thika asiyependa maneno mengi, ana gramafoni ya zamani na santuri moja anayoithamini kuliko ng'ombe wake: kwaya ya kanisa lao, na anayeongoza wimbo ni marehemu mke wake akiwa msichana. Sauti yake haiko mahali pengine popote, hata kwa simu. Mwaka ulipotimia tangu tumzike, mzee alitaka ichezwe kwenye ukumbusho, akaniletea ile gramafoni nyumbani Gatongora (mimi hutengeneza mashine kwenye kiwanda cha uzi, kwa hivyo ukoo mzima huniita fundi hata kwa vitu nisivyovijua) akasema, "Panguza vumbi, Njoroge. Vumbi tu."

Sasa fundi ataambiwaje apanguze vumbi? Nilifungua, nikaona mkanda unaozungusha ile sahani ya kuwekea santuri umelegea, nikajiambia nikiiboresha kidogo itashinda spika za kanisa. Mkanda kama huo niliukosa madukani Ruiru nzima, basi nikachomoa lastiki kwa petikoti ya Wambui (ile ya maua, nilidhani haivai tena), nikaishona ncha kwa ncha, na ili isiteleze nikazungushia mhimili wa mota seloteipu, raundi kama nane. Nikakata mipira miwili ya tenisi nusu nusu, ikawa miguu ya kuzuia mtetemo. Nikajaribu na santuri ya densi, ikachangamka ajabu. Jirani alikuja mlangoni akauliza, "Buda, hiyo kitu umeifanyia nini?" Kichwa kikavimba.

Siku yenyewe sebule ya mzee ilijaa: mchungaji, mashangazi, na wanakwaya watatu waliobaki, akina mama wenye vitambaa vyeupe. Nikashusha sindano. Kwaya ikaanza mbio (seloteipu ilikuwa imenenepesha mhimili, sahani ikakimbia), halafu ikaingia sauti nyembamba kama ya mtoto wa nasari, na kila mara inashtuka kidogo kama mtu mwenye kwikwi (ni ule mshono wa lastiki ukipita kwa mota).

Hapa lazima mnielewe. Kwetu mtu hana mazoea na mama mkwe. Miaka sita nilimsalimia nimeinamisha kichwa, nikanywa chai yake, nikaenda zangu, na sikuwahi kumsikia akiimba hata mstari mmoja. Kwa hivyo watu wote wakiwa wameganda, mimi peke yangu nilifumba macho, nikatikisa kichwa kwa utamu, nikasema kwa sauti, "Amina. Mama alikuwa na kipawa."

"Huyo ni nani?" shangazi mmoja akauliza, akionyesha gramafoni.

Mzee akainua sindano, akatoa sahani, akavuta lastiki kwa vidole viwili na kuinyoosha mbele ya mchungaji. "Njoroge, hii ni nini?"

"Hiyo ni ya petikoti yangu," Wambui akajibu polepole. Mchungaji akaangalia dari.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba mzee alikuwa amengoja siku hiyo na mimi nimempotezea mke mara ya pili. Akarudisha sahani bila mkanda wowote, akaweka sindano. "Leta kidole. Zungusha. Nitakuambia akiwa yeye."

Nikainama, nikazungusha. "Polepole. Bado. Ongeza kidogo. Unakimbia tena." Jasho likanitiririka hadi kwa kola ya shati mpya. Halafu sauti ikashuka, ikawa pana na tulivu, na wale mama watatu wakaanza kuifuata.

"Hapo," mzee akasema. "Hapo ndiye. Usitoe kidole."

Nilizungusha beti zote nne, zikiisha anasema, "Tena." Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mama akiimba, nikalia bila kujificha, kichwa nimekiinamisha vilevile nilivyozoea kumsalimia.

Mkanda wa kweli nilishaupata, lakini mzee ameukataa, anasema kidole changu kinatosha. Basi Jumapili baada ya kanisa niko Thika nikizungusha, na nimeapa: siku nyingine nikiambiwa vumbi, nitapanguza vumbi.