Dada Anayegonga Ukutani

Watu wazima na ndevu zao, wengine wana watoto sekondari, wameamka asubuhi wanagombana juu ya gemu. Tena gemu yenyewe bado haijatoka! Watengenezaji wameonyesha kipande kifupi cha video, mtafuta hazina yuleyule tuliyekua naye anapanda jabali huku mvua inanyesha, halafu wakawaomba mashabiki waseme wanataka nini safari hii. Basi grupu letu la simu, la vijana wa zamani wa kibanda cha gemu, ambalo siku zote ni la kutangaziana misiba na harusi, likawaka moto.

Huyu anataka pikipiki. Yule anataka ramani kubwa, mtu utembee mpaka uchoke. Mwingine anataka risasi zipunguzwe, arudishiwe mafumbo ya zamani ya kusukuma mawe na kuwasha mienge, maana siku hizi, anasema, gemu inakushika mkono kama mtoto wa chekechea. Yupo anayedai jamaa asizeeshwe, eti akimwona na mvi anakosa raha. Nilikuwa nawasoma nikiwa kwenye foleni ya benki Posta, nacheka peke yangu, mpaka nilipofika kwenye ujumbe mmoja nikaacha kucheka.

"Mimi nataka kitu kimoja tu," jamaa aliandika. "Wamtoe dada yake kule ukutani. Wametuweka roho juu miaka yote hii."

Na wenzake chini yake wakamiminika: kweli kabisa, dada atoke, bila dada hatununui.

Hasira ilinipanda. Mtafuta hazina yule hana dada. Hajawahi kuwa naye, kwenye gemu yoyote ya mfululizo ule. Dada alitungwa na kaka yangu, ndani ya kibanda cha gemu nyuma ya Mtaa wa Kongo, na huyo aliyeandika ujumbe ndiye aliyemtoa kaka yangu nishai mbele za watu kwa sababu yake.

Wazazi wetu, watu wa Kilimanjaro, walikuwa na duka la jumla Kariakoo, la vyombo vya plastiki. Tukitoka shule tunapitia dukani, tunabadili nguo, na mama akiona tunawazibia wateja njia anatufukuza: nendeni huko mkacheze. Huko ndiko kibandani. Chumba kimoja, feni bovu, televisheni zimepangwa ukutani, na wanaoangalia ni wengi kuliko wanaocheza. Gemu za mpira na za kupigana hazikuhitaji maelezo. Ile ya mtafuta hazina ilikuwa na hadithi, na hadithi ilikuwa Kiingereza kitupu, maneno yanapita chini ya kioo mbiombio. Kwa hiyo kaka akawa anasimama nyuma ya mchezaji na kusemea, vilevile wanavyofanya wale jamaa wanaotafsiri filamu kwa kuweka sauti yao juu yake. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na sauti nzito kuliko umri wake, na alijua mahali pa kunyamaza.

Kiingereza chenyewe alikuwa anaokoteza. Asipoelewa, anatunga. Mimi nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, nimekalia kreti la soda, na siku moja nikamwambia naondoka zangu, gemu yenu haina hata mwanamke mmoja. Mchezaji alikuwa anapita kwenye ngome iliyobomoka, na gemu ile ilikuwa na mlio, du, du, du, unaosikika ukikaribia kitu cha kuokota. Kaka akainua mkono.

"Tulieni," akasema. "Mnamsikia? Huyo ni dada yake. Wamemjengea ukuta akiwa hai. Anagonga afunguliwe."

Chumba kizima kilitega sikio. Nilirudi kwenye kreti langu na sikuondoka mpaka mama alipotuma mtu kutuita.

Tangu hapo kila gemu mpya ikija, mlio upo, na dada yupo. Kaka alimpa tabia: mbishi, hapendi kuhurumiwa, anamchamba kaka yake kupitia matofali kwa kuchelewa. "Umekuja mikono mitupu tena? Rudi ulikotoka!" Watu wanavunjika mbavu. Wachezaji waliacha kutafuta dhahabu wakawa wanapiga kuta kwa sururu, na ukuta wa gemu haubomoki, lakini nani alijali? Malaria iliponilaza, kaka alikuwa akitoka kibandani anakuja kukaa pembeni ya kitanda, ananisimulia dada kafikia wapi. Yule dada alikuwa mimi. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Ndipo likizo moja akaja kijana wa ghorofa la jirani, anasoma shule ya bweni ya mchepuo wa Kiingereza. Alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akaanza kusoma maneno ya kwenye kioo kwa sauti na kuyatafsiri. "Hapa pameandikwa chukua ufunguo, elekea kaskazini. Dada yuko wapi? Jamani, kuna anayemwona dada hapa?"

Kaka alirudi nyuma mpaka ukutani. Na watu walewale waliokuwa wanalia naye, wanacheka naye, wakageuka. Kumbe tunapigwa kamba! Khaa! Mmoja akagonga ukuta wa kibanda, du, du, du, akaigiza sauti ya kike, "Kaka, nifungulie!" Walicheka mpaka mwenye kibanda akapunguza sauti ya televisheni ili na yeye asikie vizuri. Nawakumbuka mmoja mmoja. Wote wako kwenye grupu.

Kuanzia siku ile kaka yangu akaitwa Dada. Jina likatoka kibandani likaingia mtaani. Wabeba mizigo wakifika dukani: "Dada, tushushe wapi?" Wateja wa mikoani walidhani ni jina lake la kawaida, nao wakamwita hivyo kwa heshima zote. Hata baba, siku moja akiwa na haraka, lilimponyoka. Kaka alishusha mabeseni aliyobeba, akatoka nje, akakaa huko mpaka duka lilipofungwa. Kibandani hakukanyaga tena. Nyumbani nikimuuliza dada kafikia wapi, ananijibu, "Sijui. Kasome."

Sasa duka ni lake. Mtu wa maneno machache: bei, hapana, njoo kesho. Kwenye grupu hayumo, na wanawe hawajui kwamba baba yao aliwahi kufanya chumba kizima kishike pumzi.

Niliacha foleni nikaenda zangu Kariakoo. Maana na mimi ni shabiki, na mimi pia nina ninalolitaka kwenye gemu ijayo, ila kwenye grupu sikuliandika. Sitaki pikipiki wala ramani. Nataka kaka yangu asimame nyuma yangu anisemee. Nilijiambia akiona kwamba wanamtaka dada, kwamba walimwamini, hata yule aliyemuumbua, kiasi cha kusahau katoka wapi, labda atarudi. Miaka yote hiyo sijasikia ile sauti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo kazini wamekufukuza?"

Nilimpa simu. Alifuta mikono kwenye suruali, akasoma polepole, akapandisha juu, akasoma tena.

"Huyu si ndiye yule?"

"Ndiye."

"Na anataka atoke."

"Wanataka wote, kaka. Hebu watumie ujumbe wa sauti. Waambie yuko wapi." Halafu nikasema lile lililonileta, na sikuona aibu. "Niambie hata mimi. Nimengoja sana."

Alimwashiria mteja asubiri. Kisha akabonyeza pa kurekodi, akaileta simu mdomoni.

"Tulieni," akasema.

Ilikuwa sauti yenyewe, ileile, nzito, haina haraka. "Jamaa amefika ukuta wa mwisho. Anaweka sikio. Kimya. Anabomoa, anabomoa, ukuta unaanguka. Dada huyo hapo, ameegemea pembeni, vidole vimechubuka vyote. Amekufa. Alikuwa anawasikia mnavyomcheka upande wa pili, akaacha kugonga." Akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Akanirudishia simu. "Haya. Imeisha hiyo."

Akachukua boksi la vifuniko vya ndoo akaanza kuvihesabu.

Nilibaki nimesimama katikati ya mabeseni. Simu ikaanza kulia mfululizo. Mzee umerudi! Hiyo ndiyo sauti sasa! Vicheko juu ya vicheko, vikatuni vya kupiga makofi. Na yule wa shule ya bweni, jitu zima, akaandika: "Dada, kumbe upo! Noma sana. Tupe sehemu ya pili." Wapuuzi wakubwa. Wameambiwa usoni, na bado hawajasikia kitu. Nilitamani niitupe simu mtaroni.

Kaka alikuwa amenipa mgongo. Nikagonga kaunta kwa kidole, du, du, du.

Mikono yake ilisimama juu ya boksi. Nikagonga tena. Akainamisha kichwa, akaanza kuvihesabu vile vifuniko upya kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa safari hii, ili asinisikie.