Mshona Magunia wa Malaba na Paka Wake Kodi

Saa moja asubuhi, na stesheni ya Malaba imeshaamka. Mabehewa ya mizigo yanagongana, mtu anapiga filimbi, mtu mwingine anamtukana aliyepiga filimbi. Ng'ambo ya reli, ndani ya stoo ya nafaka, Leonida Anyait amekaa chini juu ya gunia lililokunjwa mara nne, miguu ameinyoosha mbele, shazia mkononi. Sindano hiyo ya magunia ni ndefu kuliko kidole chake cha kati.

Anapitisha uzi wa katani, anavuta, anafunga fundo. Hajainua uso, lakini anasema, "Amefika."

Anayefika ni paka wa kike, wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limekatika ncha. Mkia umesimama wima na ncha yake imepinda kidogo. Mdomoni ana panya. Anawapita makuli wawili, anampita mtunza stoo aliyekaa kwenye kiti, anakuja kumlaza panya karibu na kidole gumba cha mguu wa Anyait. Kisha anakaa kando na kungoja, kama karani anayesubiri sahihi.

"Asante, mama," Anyait anamwambia. "Lakini mimi nimeshakunywa chai."

Paka anafumba macho polepole na kuyafumbua. Anyait naye anafumba na kufumbua. Makuli wanacheka, ingawa jambo hili wameliona miaka minne sasa. Paka anajipangusa shavu kwenye goti la mama huyo, mara moja tu, kisha anapotea nyuma ya rundo la magunia. Siku hizi ana shughuli zake huko nyuma, na tutazifikia.

Paka huyu anaitwa Kodi. Makuli ndio waliompa jina, kwa sababu hufika kila siku hata asipoitwa, na hakuna aliyewahi kumkwepa.

Anyait ana umri wa miaka arobaini na mitatu, au minne. Aliyejua vizuri alikuwa mama yake, na mama yake alihesabu kwa misimu ya kuvuna wimbi kule Amukura. Mumewe alikuwa wa gengi ya kukarabati reli. Homa ilimchukua mwaka 1961, mvua ilipokuwa ikinyesha kama iliyosahau namna ya kukoma. Binti yao, Alupo, ameolewa Tororo. Mama alibaki na chumba kimoja nyuma ya stesheni, na shazia aliyoazima kwa jirani. Mpaka leo hajairudisha.

Kwa kila gunia analoziba hulipwa senti kumi. Siku njema huziba magunia arobaini.

"Na siku mbaya?" anaulizwa.

"Siku mbaya ni ile panya hawakuja kazini," anajibu, na uso wake hauonyeshi dalili ya mzaha.

Hapo ndipo makuli wanapompata. Nusu ya mashimo anayoshona yametobolewa na panya, na yeye anamfuga anayewamaliza. "Mama, unalala na adui wa mkate wako," wanamwambia. Yeye huwajibu kwamba kulabu zao zinararua magunia kuliko panya wote wa Malaba, kwa hiyo njaa haitamwua wakiwa hai.

Kodi alifika stoo mwaka 1963. Alikuwa ndani ya bunda la magunia matupu yaliyotoka upande wa Uganda. Kipaka kilicholowa, kikubwa kama ngumi, kilichovuka mpaka bila kuulizwa chochote. Anyait alikitoa kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya lile gunia lake la kukalia, akaendelea kushona. Hakukusudia kufuga kitu. Wakati ule, anasema, alikuwa amechoka kuzoea watu na vitu vinavyoondoka.

Kipaka hakikuuliza maoni yake. Kilimzoea tu.

Kwanza ulikuwa mkia. Kodi akimwona Omoding, mtunza stoo, mkia ulibaki chini. Akimwona Anyait, ulipanda wima kama bendera. Halafu yakaja macho ya kufumba polepole. Halafu panya, mwaka wa kwanza alileta vichwa tu, baadaye akaanza kuleta panya mzima, na Anyait akaona kwamba sasa anaheshimiwa.

Jambo moja lilimwudhi. Kodi alikuwa na tabia ya kukaa mbele yake na kumpa mgongo.

"Amekudharau," Omoding alimwambia.

Anyait alilifikiria jambo hilo siku nzima, akishona. Jioni alikuwa na jibu. "Wewe hajawahi kukupa mgongo hata siku moja," alimwambia. "Anakuchunga kama mwizi. Mimi hanichungi."

Lakini alichokipenda zaidi paka huyo kilikuwa lile gunia la kukalia. Anyait akiinuka, Kodi hulipanda palepale, mahali bado pana joto, na kuanza kukanda kwa miguu ya mbele, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mwanamke anayekanda unga wa chapati, huku kifua kikivuma. Kucha zake huvuta nyuzi na kuacha vitanzi vidogo, viwili viwili. Anyait huziba kila shimo linalopita mbele yake, lakini matundu hayo ya kucha hakuwahi kuyagusa.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1967, Alupo alijifungua, na Anyait akaomba siku tatu kwenda Tororo. Aliondoka Jumapili. Jumatano aliporudi alikuta vitu viwili havipo: paka, na gunia la kukalia.

"Kodi ameenda wapi?"

Omoding alikuwa amejiandalia jibu, lakini lilimtoka vipande vipande. Mwenye stoo, Mzee Kariuki, ana stoo nyingine Burumba, mjini Busia, ambako hununua mahindi ya wakulima wa Mundika. Panya walikuwa wameizidi nguvu stoo hiyo. Mzee akauliza kama ni kweli Malaba kuna paka hodari. Omoding akasema ni kweli.

"Ukamtoa."

"Mama, hii paka ni ya stoo. Kama vile mizani ni ya stoo. Mzee akiitaka mizani Burumba, mimi nitakataa?"

Jumatatu yake alikuwa amemtia Kodi ndani ya gunia la kwanza lililomjia mkononi, akalizungusha mara tatu pale mlangoni ili paka apotewe na njia ya kurudi, kama wengi huku wafanyavyo wakihamisha paka, kisha akalipakia kwenye lori. Gunia la kwanza lililomjia mkononi lilikuwa lile lililokunjwa mara nne.

Anyait alichukua gunia jingine, akalikunja, akakaa. Yeye ni kibarua wa kulipwa kwa gunia. Hana barua ya kazi, na wanawake wanaojua kushika shazia si wachache Malaba. Kwenda kwa tajiri kudai paka ni namna moja ya kuambiwa uondoke na ukatafute paka wako huko unakokwenda. Basi alishona. Makuli nao waliacha kumtania, na hilo, anasema, lilimwumiza kuliko yote.

Kila Ijumaa lori huleta magunia mabovu kutoka Burumba. Ijumaa ya wiki iliyofuata bunda lilitupwa mbele yake, akaanza kuyachambua kama kawaida. Shimo la panya ni la mviringo na kingo zake zimetafunwa. Shimo la kulabu ni refu na limechanika upande mmoja. Gunia la kumi na kitu halikuwa na la panya wala la kulabu. Lilikuwa na manyoya ya kijivu, na vitanzi viwili viwili, vingi mpaka katikati palikuwa pameanza kuachia. Zamani vilikuwa kadiri ya hamsini. Sasa havikuhesabika.

Anyait alilishika gunia lake muda mrefu. Kisha akamwita Omoding.

"Angalia."

"Gunia limeharibika."

"Hii ni kazi ya siku kumi na moja," alisema. "Amekuwa akinitafuta humu ndani."

Omoding aliangalia vile vitanzi, akaangalia kando. Halafu akaenda mwenyewe kwa dereva na kumwambia kuna mtu mmoja wa kurudi naye Busia.

Stoo ya Burumba ni kubwa kuliko ya Malaba na giza lake ni zito. Mzee Kariuki alikuwa kwenye mizani. Kando yake alisimama karani wake, Paulinus, kijana nadhifu ambaye mkunjo wa pasi kwenye suruali yake ungeweza kukata mkate.

"Mama Anyait," mzee alisema. "Nani amekuita?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja kumwona paka."

"Ile ni bure kabisa," Paulinus akaingilia. "Haikamati kitu. Ilikuwa inalala kwa gunia moja tu, mchana na usiku. Na tangu jana haigusi chakula. Iko huko juu."

"Tangu jana mlipoondoa gunia?"

Paulinus alifikiri. "Lilikuwa limetoboka. Nikalituma na mengine yashonwe."

Juu kabisa ya rundo la magunia, chini ya bati, yalionekana macho mawili. Anyait alitoa gunia lake kwapani, akamwambia mzee alichokuja kusema. Alisema: huyu paka mnamwita wa stoo, na mimi sina karatasi ya kuonyesha kwamba ni wangu. Lakini hapa atakufa. Niruhusu nirudi naye.

Mzee Kariuki alimtazama kama mtu anayepima uzito kwa jicho. "Nikikupa paka, kesho kuli ataniomba mizani," alisema. Karani na makuli wakacheka. Kisha akasema, "Lori linarudi Malaba saa kumi. Kama ni yako, itashuka kabla ya hapo. Kama haishuki, iache, na wewe ushone magunia yako bila kununa."

Wote walingoja amwite. Anyait hakumwita. Aliomba magunia mabovu. Akakunja lake mara nne, akakaa, akatoa shazia na kuanza kushona.

Paulinus, kwa kumsaidia au kwa kumjaribu, hata yeye hajui, aliweka sahani ya omena, dagaa wa ziwani, katikati ya sakafu.

Gunia la kwanza likaisha. La pili. Huko juu hakuna kilichotikisika. La tatu lilipoisha dereva alipiga honi barabarani, na Mzee Kariuki akatoa saa yake mfukoni na kuitazama bila haraka. Anyait akachukua la nne. Akashona fundo baya, akalifumua na kuanza upya.

Lile fundo la pili lilikuwa bado wazi Kodi aliposhuka. Alikuja mkia wima. Aliifikia sahani ya omena, akainusa, akaiacha. Akaenda mpaka kwa Anyait, akamgonga goti kwa kipaji cha uso, akapanda mapajani na kuanza kukanda. Kifua kilivuma kwa nguvu mpaka Paulinus akatazama nje kuona ni gari gani limefika.

Baada ya muda mrefu alishuka, akarudi kwenye sahani na kula omena wote mpaka wa mwisho. Mapenzi hayajawahi kumzuia Kodi kula.

"Haya," alisema Mzee Kariuki. "Mchukue. Lakini panya wangu nimebaki nao."

"Akizaa nitakupa mtoto wake, mzee. Ila hatatiwa kwenye gunia na kuzungushwa. Anayemtaka atakuja kwanza kukaa naye."

"Mimi nikae chini na paka?"

"Si wewe, mzee. Karani wako."

Burumba walicheka siku mbili. Paulinus peke yake hakucheka.

Kodi alirudi Malaba mapajani, kiti cha mbele, akitazama barabara. Mwishoni mwa mwezi wa tano alizaa watoto wanne nyuma ya rundo la magunia, na hizo ndizo shughuli zake za siku hizi.

Anyait sasa ana mpango. Amekwisha kununua mabati sita. Yamelala kwa dada yake Amukura, yakingoja nguzo. Mwakani anataka kujenga nyumba yake mwenyewe huko, yenye dirisha moja la kawaida na jingine chini kabisa, kimo cha goti. Fundi amemwuliza dirisha hilo ni la nani. Amemwambia la Kodi na kipaka kimoja cha kike kitakachobaki naye. Mzee Kariuki ameshakubali kwamba mama akiacha kazi, paka ataondoka naye.

Saa sita mchana lori la Burumba linafika. Paulinus anashuka. Ni Ijumaa yake ya tano. Ya kwanza alikuja na gazeti la kutandika chini, leo hana. Anakaa sakafuni karibu na Anyait, ananyoosha miguu na kunyamaza, kama alivyofundishwa.

Kipaka cha kahawia kinatoka nyuma ya magunia, mkia wima. Kinapanda gotini mwake na kuanza kukanda, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Paulinus hasogei. Kwenye suruali ya pasi vinaota vitanzi vidogo, viwili viwili.

"Mama," ananong'ona, "suruali inatoboka. Utanishonea?"

Anyait anainama, anavitazama vile vitanzi kwa jicho la fundi.

"Matundu hayo," anasema, akirudi kwenye gunia lake, "mimi sishoni."