Pasi Chini ya Sanduku

Jirani yetu wa Kampemba alikuwa mupiga pasi wa bazungu. Vita ya Katanga ilipoanza, muzungu wake alikimbia akamuachia nyoka, boa ya Amerika yenye kung'aa kama upinde wa mvua. Kila asubuhi nilimuona anatengeneza sanduku ya ile nyoka: kioo cha dirisha mbele, majani mabichi ndani, na chini pasi yake ya makala ya moto, sababu nyoka ile inakufa kwa baridi na kwa ukavu. Kisha alijaza maji mudomoni akapuliza ndani, fuuu, vile alivyolowesha mashati.

"Baba, ile iko bulozi, iko uchawi!" Mama Clotilde, jirani wa pili, alimupigia kelele. "Tutaichoma!"

Mupiga pasi akafunga kifuniko, akakijaribu kwa kidole. "Mama, ikitoka, munichome mimi."

Vita ikakata maji ya robine, bomba zikakauka. Tukagawana yenye kubaki kwenye pipa, kila muntu kikombe kimoja. Yeye, midomo imepasuka kwa kiu, akajaza mudomo, akainama kwenye sanduku, akapuliza yote.

Nikafanya ishara ya musalaba, nikamupelekea kikombe changu, nikasimama pale mpaka akameza.