Gari la Kumchukua Mama Msimbu

Mama yangu alianguka na bodaboda siku ya kliniki, mvua za vuli zilipokuwa zimeshaifanya njia ya kwao kuwa uji. Hakuumia. Dereva alimwangusha taratibu, alivyosimulia mwenyewe, kama mtu anayetua ndoo. Lakini alifika kwetu Kibaha akiwa na tope upande mmoja tu wa mwili, kuanzia ushungi hadi kandambili, na upande wa pili msafi kabisa. Nilipomuuliza kulikoni, akasema alikaa kidogo njiani.

"Ulikaa wapi, mama?"

"Chini."

Siku hiyohiyo mimi na mume wangu tukakubaliana kununua gari. Baada ya hapo hatukukubaliana tena jambo lolote kwa muda wa miezi minne.

Mama anaishi Msimbu, upande wa Kisarawe, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Goti lake la kulia linamsumbua, na kila mwezi anakuja hospitali iliyo karibu na kwetu, analala nasi siku mbili, kisha anarudi kwenye mihogo yake. Mimi nafanya kazi masjala ya halmashauri, mambo ya mafaili. Mume wangu anafundisha fizikia sekondari. Ni mtu wa bara, mrefu kiasi kwamba anainamisha kichwa mlangoni hata pale ambapo mlango unamtosha. Mimi ni mfupi. Mafaili ya rafu ya juu nayachukua kwa kupanda kiti, na wenzangu wameshazoea.

Sasa ungetegemea yeye ndiye atake gari kubwa na mimi nitake dogo. Ikawa kinyume. Yeye alitaka kigari kidogo, kile cha milango mitano ambacho buti lake halijatokeza nyuma, kimekatwa wima kama mkate. Mimi nilitaka gari la juu, yale yanayofanana na magari ya mbugani lakini ni kama yamefuliwa yakasinyaa.

Hoja zake zilikuwa nyingi na zote zilikuwa za kweli, ndiyo maana zilinikera. Kigari kinakunywa mafuta kidogo. Spea zake unazipata kila kona. Kinageuka popote. Mimi nilikuwa na hoja moja, nayo ilikuwa mama. Akisema mafuta, nasema mama. Akisema spea, nasema njia ya Msimbu, mashimo, mvua, mama.

"Gari la juu lina kitovu cha uzito juu," aliniambia siku moja tukiwa tunachambua mchicha. "Kwenye kona linayumba."

"Na mama yangu je?"

"Mama yako hahusiani na kitovu cha uzito."

Nikamsogezea mchicha wote auchambue yeye.

Leo naweza kusema ukweli ambao wakati ule sikujiambia hata mwenyewe. Pale kazini kuna dada wa idara nyingine aliyekuwa na gari la juu, jeupe. Asubuhi akinipita getini hushusha kioo kunisalimia, nami humjibu nikiwa nimeinua uso kama ninayezungumza na mtu wa ghorofani. Nilitaka walau mara moja katika maisha yangu na mimi nisalimie watu nikiwa natazama chini. Mama alikuwa kisingizio, tena kisingizio chenye goti bovu, ambacho hakuna mume mwenye adabu anayeweza kukipinga.

Dalali tuliyempata pale Maili Moja aliwahi kufundishwa na mume wangu, na hilo lilitusaidia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mtanashati, mwenye kipaji cha kusifia gari lolote unalolitazama wakati huo. Nikitazama la juu: "Madam, hapo umetulia, hilo ni la heshima." Mume wangu akitazama dogo: "Ticha, akili kubwa hiyo, hicho hakina presha." Mume wangu alikuja na rula ya darasani. Alilala chini kwa mgongo, akaingiza mkono uvunguni, akapima nafasi kati ya ardhi na tumbo la kila gari. Wateja wengine wakadhani ni fundi, wakaanza kumuuliza ushauri.

Mwisho dalali alichoka na sisi. Akapendekeza kwamba kwa kuwa anamheshimu ticha wake, Jumamosi tuyachukue magari yote mawili, twende nayo Msimbu kwa mama, naye awepo. Tutakalorudi nalo tukiwa tunalipenda, ndilo tutakalonunua.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jua likafuata. Kila mtu aliendesha gari alilolitetea. Mume wangu aliingia kwenye kigari kwa awamu, kwanza mguu, kisha kichwa, kisha kilichobaki, na magoti yakasimama pande mbili za usukani kama milingoti. Dalali alipanda na mimi. Niliweka mto chini yangu ili nione mbele, naye akajifanya hajauona.

Kwenye lami nilikuwa mkuu wa wilaya. Nilikuwa juu, naona mabonde, naona paa la kigari cha mume wangu kikihangaika nyuma ya malori. Kila tulipopita watu wakisubiri usafiri niliwapungia, ingawa vioo vilikuwa vyeusi na hakuna aliyeniona. Tulipoiacha lami baada ya Kisarawe nilipunguza mwendo, nikamwacha apite mbele ili nisikie vizuri. Na kweli, kigari kikaanza kukwangua chini, krrr, kila kwenye mwinuko, na kila krrr ilikuwa muziki masikioni mwangu.

Kabla ya kufika kwa mama kuna bonde dogo, na siku hiyo katikati yake palikuwa na dimbwi refu la tope. Mume wangu alisimama, akashuka, akalitazama kama anayetazama swali la mtihani. Kisha akarudi ndani, akapitisha kigari pembeni kabisa, tairi mbili kwenye majani, taratibu, kikapita. Mimi sikuona sababu ya kukwepa. Ndiyo maana ya gari la juu. Nikaingia katikati.

Nilifika nusu. Gari likatulia, likashuka kidogo, na nilipokanyaga mafuta tairi za mbele zikazunguka na kurusha tope hadi kwenye kioo.

"Tumia zote nne," nilimwambia dalali. "Nabonyeza wapi?"

Akajikuna shingo. "Madam, hii inavuta mbele tu."

"Si ulisema ni la njia mbaya?"

"Nilisema ni la juu."

Kulikuwa na akina mama sita wakipalilia shamba kando ya njia. Waliacha majembe, wakaja, wakatusalimia kwa utulivu kama watu wanaofahamu kazi yao. Dalali akahamia kwenye usukani, mimi nikashuka nikazama hadi vifundoni. Tulisukuma. Gari lilitikisika, likarudi palepale. Tukapumzika, tukasukuma tena. Mara ya nne ndipo likatoka, na mimi nikabaki nimepiga magoti kwenye tope, nikiwa nimelishika bampa ambalo halikuwepo tena mbele yangu.

Nilipoinuka nilitafuta uso wa mume wangu, nijiandae kwa atakachosema. Hakuwa ananitazama. Hatua kama thelathini mbele, pale ambapo malori yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, kigari chake kilikuwa kimekalia tumbo juu ya tuta. Tairi za mbele zilikuwa hewani. Alikuwa amekanyaga mafuta na zinazunguka vizuri sana, bila kugusa chochote.

Wale akina mama walitembea hadi pale. Hawakusukuma. Walimwambia ashuke, wakajipanga, watatu mbele, watatu nyuma, mmoja akahesabu, wakakinyanyua na kukiweka pembeni kama watu wanaohamisha kabati. Haikuchukua hata dakika moja. Kisha aliyekuwa amehesabu akajifuta mikono kwenye khanga, akanigeukia.

"Mnanunua lipi?"

"Bado hatujajua," nikasema.

"Nunueni hiki. Hiki tunakiweza."

Mume wangu alipokuwa akirudi kwenye usukani niliona mabega yake yanavyocheka.

Mama alikuwa ameshajiandaa. Alivaa gauni la sikukuu na ushungi wa rangi ya zambarau, akakaa kwenye kiti nje. Mume wangu akaenda kumwamkia akiwa ameinama, kwa umbali unaostahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mbona mmechafuka?"

"Tulikaa kidogo njiani," nikajibu mimi.

Tulianza na gari la juu, kwa kuwa ndilo nililolitetea kwa jina lake. Nilifungua mlango wa mbele kwa heshima zote. Mama akaweka mkono kwenye kiti, akainua mguu mzima, na mguu ukaishia njiani. Akajaribu kuanza na ule mbovu, ikawa mbaya zaidi. Dalali akapendekeza kitu cha kukanyagia. Nikaenda jikoni nikatoka na mbuzi ya kukunia nazi, tukaigeuzia meno upande wa pili. Mama akasimama juu yake, akashika mlango, akaniambia nimsukume.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa. Mwenye nguvu pale ni mume wangu, ambaye angemwinua mama kwa mkono mmoja. Lakini mkwe hawezi kumshika mama mkwe kiunoni, hilo halipo, na yeye kwa kuelewa hilo alikuwa ameshageuka kabisa anatazama mihogo. Dalali naye akaungana naye kutazama mihogo. Nikabaki mimi, ambaye nikinyoosha mikono naishia pale ambapo heshima ya mama inaanza. Nikaweka bega. Nikasukuma. Mama akafika nusu, kifua ndani na miguu nje, halafu akaanza kucheka. Mama yangu akicheka nguvu zote zinamwisha. Akanilegea begani mzima mzima, gauni la sikukuu na kila kitu, nami nikaanza kucheka, na tukabaki hivyo, hatuendi juu wala haturudi chini, huku wanaume wawili wakisoma mihogo kwa bidii.

Mwisho aliingia. Akakaa, akapangusa machozi, akatazama mbele, akatazama pembeni.

"Unaonaje, mama?"

"Naona mabati ya watu." Akagonga kioo kwa kidole. "Na hiki cheusi nani atajua kama ni mimi?"

Kumshusha kulichukua muda sawa na kumpandisha.

Kwenye kigari alikaa kwanza, kisha akavuta miguu ndani mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekaa kwenye mkeka. Akafunga mkanda mwenyewe. Ila aliposikia mkwe ndiye atakayeendesha akaufungua.

"Hapa viwiko vinagusana," alisema. "Endesha wewe."

Nikaendesha, tukaenda mbele kidogo kuelekea upande wa Marui tujaribu. Hatukufika mbali. Nyumba ya kwanza akashusha kioo, akatoa mkono, na jirani akaja akaushika bila kuinama wala kujinyoosha. Wakasalimiana, wakaulizana watoto. Nyumba ya pili vilevile. Ya tatu akaomba nizime injini, maana mazungumzo yalikuwa marefu. Nilikaa pale nikiwatazama watu kwa usawa wa tumbo, na nikafahamu kwamba nimeshindwa.

Njiani kurudi nikajitetea. "Mama, lile la juu nililitaka kwa ajili yako."

Hakugeuka. Alikuwa bado anatazama nje, mkono dirishani.

"Nilikuambia lini nalitaka?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba likinipendeza nilichukue, yeye ataendelea na pikipiki, kuanguka ameshakuzoea. Hakusema kwa kuninanga. Alimaanisha. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenigombeza.

Tulinunua kigari. Rangi yake ni ya fedha, na fundi aliweka spesa kwenye springi kikainuka kiasi cha vidole viwili, jambo ambalo mume wangu alilipima kwa rula kabla na baada. Dalali aliniambia nimefanya uamuzi wa akili kubwa. Lile la juu liliuzwa wiki ileile, na nikipishana nalo barabarani mpaka leo natazama pembeni.

Ila kuna jambo ambalo mume wangu hakulipigia hesabu. Siku za kliniki ninaendesha mimi na mama anakaa mbele, kwa hiyo yeye aliyekitetea kigari kwa miezi minne anakaa nyuma, magoti yamejaza kiti kizima, na ndoo ya maembe mapajani. Mwezi uliopita tulipotoka hospitali mama akawaona wenzake wawili wa kliniki wamekaa kwenye benchi la nje. Akaniambia nisimame. Akaanza kuwasalimia, kisha akawauliza wanaelekea wapi, kisha akawaambia wapande. Mume wangu alishuka bila kuombwa, akawafungulia mlango, akamkabidhi mmoja wao ile ndoo, akaanza kutembea kwenda nyumbani.

Yule aliyepewa ndoo akamtazama akiishilia barabarani, akamuuliza mama kama hatujamnyima mwenye gari nafasi.

"Gari ni la mwanangu," mama akasema. "Mkwe wangu anapenda kutembea."