Biche ya Kongolo

Genoveva hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Pale Langley Park, Marekani, anapouzia vitenge na samaki wa kukausha sebuleni kwake, wateja wanamjua: utalia, utaapa, mwisho utatoa. Ndivyo alivyompata mkalimani pia. Kwenye ofisi ya kuomba hifadhi unakwenda na mkalimani wako mwenyewe. Papa Gervas wa Wheaton, Mkongomani mwenzake, alitaka hela. Fredy, Mtanzania dereva wa teksi, alikubali kwa samaki.

"Kiswahili ni Kiswahili," Genoveva alijisemea.

Wakili alimwambia aeleze historia ya mji wake, ofisa aone kweli ametoka kule. Hilo halikumtisha. Alikaa mbele ya ofisa, mwanamke mwenye miwani, akaimimina Kongolo yote. Mji mdogo kando ya Lualaba. Boti zinatoka juu na kukomea pale, maana chini mto umejaa mawe, basi mizigo inapanda treni. Reli waliileta Wabelgiji. Mapadri nao wakasimamisha kanisa kubwa la askofu. Mwaka wa sitini na mbili askari wakawaua mapadri wale. Miaka ikapita, vita vingine vikaja, treni ikanyamaza, na askari wengine wakamchukua mume wake, Boniface. Hakurudi.

"Wewe ulikuwa wapi?" ofisa aliuliza kupitia kwa Fredy.

"Nilikuwa biche, nauzisha samaki. Nikafichama palepale mpaka bato ikatoka."

Fredy alitafsiri bila kusita. Bato alikisia ni boti, na biche alilijua: bichi ni kule Dar, watu wanakokwenda Jumapili kuogelea.

Ofisa aliinua uso. Fredy akageuka. "Mama, anauliza, Kongolo kuna bichi?"

"Kuko! Mukubwa sana!"

"Na watu wanakwenda?"

"Kila siku. Biche yetu haikosi watu, hata wakati wa vita."

Fredy alitafsiri na hilo. Ofisa akanyamaza, akaandika. Genoveva akatulia kitini. Mteja akinyamaza na kupapasa kitambaa, ujue amekwisha, atanunua.

Wakati wa kurudi teksi ilivuka mto Potomac. Genoveva alichungulia maji.

"Mto munene hivi, biche yake iko wapi?"

Fredy akacheka. "Mto na bichi wapi na wapi, mama? Bichi ni baharini."

"Bahari gani tena? Biche! Pale bato inafunga, wanashusha mizigo!"

Kicheko kikakatika. "Bandari? Mama, ulikuwa unasema bandari?"

"Wewe ulisema nini?"

"Nimesema... ulijificha ufukweni. Kwa waogeleaji."

"Geuza gari."

Waligeuza. Mlinzi wa mlangoni alisema mahojiano yamekwisha, jibu atalifuata mwenyewe dirishani. Siku yake ilipofika alilifuata: maelezo hayaaminiki, kesi iende kwa jaji, na jaji anaweza kumrudisha Kongo.

Jioni ile alipanda basi hadi Wheaton. Papa Gervas alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Yaya, dada yangu, lile neno limeshaingia kwenye faili yako. Kwa jaji utalikuta linakungojea. Mimi nitakuja kushuhudia kwamba kwetu biche ni bandari, lakini kama ataniamini, sijui. Na bei si ile ya mwanzo."

Akaitaja.

Genoveva alifungua pochi, akalipa yote bila kuomba kupunguziwa. Papa Gervas, aliyekuwa amejiandaa kushusha bei, alibaki na hela mkononi, hajui azitie mfukoni au arudishe nusu.