Moto wa Tanuri la Mama

Nilimwahidi mama kwamba nikimaliza chuo nitamjengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Anayoishi sasa, hapa Tumati, ni ya udongo, na ukuta wake wa nyuma umechimbiwa ndani ya mteremko. Tangu tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likafukia nyumba za Jorodom, mvua ikinyesha mama hukaa macho, kiganja kikiwa ukutani kama anayepima homa ya mtoto.

Chuoni nilisomea mazingira. Nilijifunza kwamba nchi zilizotajirika zilitajirika kwa kuchoma, na kwamba hewa ya ukaa ziliyoitoa ndiyo inayovuruga mvua zetu. Niliandika insha nikidai kwamba sisi tukue kwa njia nyingine. Niliamini kila neno, bado naamini.

Nilipomaliza chuo tukafyatua matofali na kuyapanga, tanuri likanipita kimo, na kuni zikahitajika. Zilizokuwapo ni miti ya migrevilea ya marehemu baba, ile iliyoshika udongo wa mteremko juu ya nyumba. Nilipendekeza tutumie matofali ya saruji. Baba mdogo akacheka.

"Saruji inapikwa kwa maji?"

Nilijua alikuwa sahihi. Saruji nayo huchomwa, ila mbali na macho yangu.

Migrevilea ikakatwa. Kwetu tanuri huwashwa na anayejenga, kwa kijinga cha moto kutoka jikoni kwa mama yake. Majirani waliokuja kusaidia walisubiri, mikono imejaa udongo wa kuzibia tanuri.

"Washa, baba," alisema baba mdogo. "Au moshi wa makande unayokula hauhesabiki?" Wakacheka. Kisha akaongea taratibu: "Wazungu walijenga kwanza, moshi wakaja kuuhesabu baadaye. Mama yako akianza kwa kuhesabu moshi, alale wapi?"

Mama hakucheka. Alininyooshea kijinga. "Mwanangu, mvua iko karibu."

Nilikipokea, nikawasha. Moshi ulipita juu ya visiki vya miti ya baba, ukaelekea Hanang. Nyumba itasimama. Lakini mteremko ulio nyuma yake uko wazi, na miche niliyoipanda bado imezidiwa urefu na nyasi. Natimiza ahadi, na sijui kama namlinda mama au namweka hatarini. Majirani wawili nao wameshaanza kufyatua matofali yao.

Ninakuomba, msomaji: kama kwenu mnajenga nyumba imara bila kuchoma miti, kwa gharama ambayo mjane mkulima anaimudu, njoo utuoneshe.